Nani Analipa Picha Iliyoharibika? Wapiga Picha wa Ridhaa na Mbinu za Kupiga Picha Nje

Utangulizi

Vitabu vingi vya historia ya upigaji picha hupangwa kwa majina ya makampuni na ya mabingwa: nani alivumbua kamera, nani alitengeneza filamu, nani alipiga picha za vita fulani. Katika mpangilio huo, mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, siku za mapumziko, bila kulipwa na mtu, huonekana kuwa mteja. Ananunua kile ambacho wengine wamekwisha kukitengeneza. Insha hii inapinga mtazamo huo. Nitaonyesha kwamba mbinu kadhaa ambazo leo mtu yeyote mwenye kamera au simu anaweza kuzijaribu nje ya nyumba zilikuzwa na watu wa ridhaa. Kupiga wanyama usiku kwa flashi, kumtegea mnyama kamera ili ajipige mwenyewe, kujificha ndani ya umbo la bandia, kuigeuza anga iwe nyeusi kwa kutumia kichujio: nyuma ya mbinu hizo tunamkuta wakili, wafanyakazi wa kampuni ya vitabu, mwanafunzi wa piano. Mkulima mmoja pia yumo.

Hoja yangu ni hii. Anayejaribu mbinu mpya hukosea mara nyingi kabla ya kupata mara moja. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini katika kazi ya picha, kurudia ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo historia ya mbinu hizi ni historia ya bei ya kukosea. Kila bei hiyo iliposhuka, watu wapya waliingia na mambo mapya yakajaribiwa. Hata hivyo bei ina pande mbili. Upande mmoja hutoka mfukoni mwa mpiga picha. Upande wa pili hulipwa na mtu mwingine, au na mnyama, ambaye hakuulizwa. Upande huo wa pili ndio unaotugusa sana sisi wa Afrika Mashariki, na ndio ambao wanaosimulia historia hii husahau kuutaja.

Kuanzia mchoro ulioshindikana

Mwaka 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa cha kioo kilichoonyesha taswira juu ya karatasi. Mkono wake haukuweza. Ndipo akapata wazo la kutafuta namna ya kuifanya taswira ijichore yenyewe. Kufikia Agosti 1835 alikuwa amepata picha ndogo ya dirisha la nyumba yake huko Lacock. Mwaka 1839 alitangaza mbinu yake hadharani, na mwaka 1841 akapata hataza ya mbinu iliyoboreshwa, iliyotoa negativu ya karatasi ambayo ingeweza kuzaa nakala nyingi.

Talbot hakuwa mpiga picha kwa kazi, kwa kuwa kazi hiyo haikuwapo bado. Alikuwa mtu mwenye ardhi, nyumba kubwa na muda. Kukosea kwake kwa miaka kadhaa hakukumnyima chakula. Jambo hili ni muhimu kulisema mapema, kwa sababu neno "ridhaa" linaweza kutudanganya. Katika karne ya 19, aliyefanya jambo kwa ridhaa mara nyingi alikuwa yule aliyekwisha kulishwa na kitu kingine.

Hatua iliyofuata ilifanya upigaji picha wa nje uwe mzito zaidi. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alichapisha mbinu ya bamba la kioo lililopakwa dawa ya kolodioni. Picha zilikuwa safi kuliko za karatasi, lakini kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, yaani kwa muda wa dakika chache tu. Aliyetaka kupiga picha ya mlima alilazimika kubeba hema la giza, chupa za dawa, maji na vioo hadi mlimani. Kosa moja lilikula karibu nusu saa na kioo kizima. Ndiyo maana picha nyingi za nje za miaka ile ni za vitu vilivyotulia na mbinu zilizokwisha kuzoeleka. Nani angejaribu jambo la ajabu na kioo cha mwisho?

Aliyefungua njia ya kutoka hapo alikuwa daktari. Richard Leach Maddox alipenda kupiga picha za vitu vidogo kupitia hadubini, na mvuke wa dawa za kolodioni ulikuwa ukimdhuru afya. Septemba 1871 alichapisha maelezo ya kutumia jelatini badala yake. Mbinu yake ilikuwa changa, na wengine waliiboresha. Mwishoni mwa miaka ya 1870 vioo vikavu vilikuwa vikiuzwa madukani. Sasa mtu aliweza kununua vioo leo, akavitumia wiki ijayo na kuvisafisha mwezi ujao. Hema la giza likabaki nyumbani.

Hesabu ya senti

Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alianza kuuza kamera ya Kodak. Bei yake ilikuwa dola 25, na ndani yake kulikuwa na filamu ya kutosha picha 100. Zikiisha, mwenye kamera aliirudisha kiwandani pamoja na dola 10. Picha zilisafishwa, na kamera ikajazwa filamu nyingine. Tukigawanya, kila picha, nzuri au mbaya, iligharimu senti 10 za kusafisha na kujaza upya. Februari 1900 kampuni hiyohiyo ilileta kamera ya Brownie kwa dola 1, na filamu yake ya picha 6 iliuzwa senti 15. Hapo filamu ya picha moja iligharimu senti mbili na nusu, mbali na gharama ya kusafisha.

Tofauti kati ya dola 25 na dola 1 ni tofauti kati ya familia chache na familia nyingi. Brownie ililengwa hata kwa watoto. Mtoto mmoja wa aina hiyo alikuwa Ansel Adams wa San Francisco. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 14, alipelekwa na wazazi wake kwenye bonde la Yosemite, wakampa Brownie. Katika siku hizo za mwanzo alipanda juu ya kisiki kikuukuu ili aupate mlima wa Half Dome vizuri. Kisiki kikabomoka, na alipokuwa akianguka akabonyeza kamera. Picha ikatoka mlima ukiwa miguu juu, kichwa chini, na yeye aliipenda na kuisimulia hadi uzeeni. Kijana wa mwaka 1855 mwenye hema la giza na kioo kibichi asingepata bahati ya kosa kama hilo.

Mkulima na theluji

Bei ya chini haikuwa njia pekee ya kumudu kukosea. Njia nyingine ilikuwa uvumilivu. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika familia ya wakulima huko Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Tangu ujana alitaka kuonyesha watu umbo la chembe za theluji. Kwanza alijaribu kuzichora akizitazama kwa hadubini, lakini ziliyeyuka kabla mchoro haujakamilika. Tatizo lake lilifanana na la Talbot ziwani: mkono ulikuwa mzito kuliko jicho.

Wazazi wake walimnunulia kamera na hadubini kwa takriban dola 100, fedha nyingi kwa wakulima, na baba yake hakuona faida ya jambo lile. Bentley aliunganisha vifaa hivyo viwili na kufanya kazi katika kibanda kisicho na moto wakati wa baridi kali. Alikinga theluji kwa ubao mweusi, akaichukua chembe kwa kijiti chembamba, akailaza kwenye kioo kwa unyoya huku akijizuia kupumua, kwa kuwa pumzi yake ingeiyeyusha. Alishindwa majira ya baridi yaliyotangulia. Tarehe 15 Januari 1885 alifaulu, akiwa na umri wa miaka 19.

Alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya chembe 5,000, na mwaka huohuo kilichapishwa kitabu chenye zaidi ya picha 2,400 kati ya hizo. Maisha yake yote aliendelea kulima. Nakala aliziuza kwa senti chache. Ubunifu wake ulimletea pia ugomvi: ili chembe ionekane vizuri, alikwangua dawa pembezoni mwa negativu ya nakala, na hivyo usuli ukawa mweusi kabisa. Mwanasayansi Mjerumani Gustav Hellmann alimlaumu kwamba alikuwa akizigeuza picha. Swali la Hellmann bado liko nasi kila mtu anapotumia programu ya kurekebisha picha: mbinu inaishia wapi na uongo unaanzia wapi? Kwa maoni yangu jibu liko katika uwazi. Bentley alikwangua usuli ili umbo lionekane, na anayejua hivyo anaweza kuitumia picha yake ipasavyo. Anayeficha mbinu ndiye anayemnyima mtazamaji haki.

Ng'ombe asiyekula majani

Nchini Uingereza, ndugu wawili Richard na Cherry Kearton walitoka katika familia ya wakulima wa Swaledale, Yorkshire, wakaajiriwa London katika kampuni ya vitabu ya Cassell. Richard alichechemea tangu utotoni kwa sababu ya jeraha la nyonga. Aprili 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na kuanzia hapo ndugu hao walitumia likizo na siku za mapumziko kutafuta viota. Mwaka 1895 walitoa kitabu juu ya viota vya ndege wa Uingereza chenye picha zilizopigwa porini kwenyewe, jambo lililokuwa geni wakati ule.

Shida yao ilikuwa kwamba ndege humkimbia mtu. Lenzi za wakati ule hazikuweza kuvuta mbali kama za leo, hivyo mpiga picha alipaswa kuwa karibu. Ndugu hao walijaribu kila hila: kamba za kushukia magenge, shina la mti la bandia, kondoo wa bandia, na mwaka 1900 ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa juu ya umbo lenye uwazi ndani, mtu akajikunja humo na kamera yake. Ndege walimzoea ng'ombe asiyekula majani. Siku moja Richard alizimia kwa kujikunja muda mrefu, ng'ombe akaanguka miguu juu, na Cherry akapiga picha ya tukio hilo kabla ya kumtoa. Baadaye waliishi kwa kazi hiyo. Mwaka 1909 Cherry alifika Afrika Mashariki, ambako alipiga filamu ya safari ya Theodore Roosevelt.

Katika kisa cha ndugu Kearton, aliyelipa gharama kubwa ya kukosea alikuwa mpiga picha mwenyewe: mgongo wake, muda wake, pengine shingo yake kwenye genge. Lakini tayari tunaona pia mlipaji mwingine. Ndege aliyesumbuliwa kiotani anaweza kuyaacha mayai.

Mwanga wa usiku

George Shiras wa Tatu alizaliwa mwaka 1859 huko Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa wakili, kisha mbunge kuanzia 1903 hadi 1905. Kwa mapumziko alikwenda kuwinda karibu na Marquette, Michigan. Mwaka 1889 alianza kubadilisha bunduki kwa kamera.

Mbinu yake ya usiku haikutoka kichwani mwake peke yake. Waojibwa, wenyeji wa eneo lile, waliwinda usiku kwa mtumbwi wenye moto mbele. Mnyama aliyekuja kunywa maji aliutazama moto, macho yake yakang'aa, naye mwindaji akiwa gizani akamlenga. Shiras alichukua mpango huohuo akaweka kamera mahali pa silaha, na unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwanga mkali. Alisaidiwa na mwongozaji wake, John Hammer. Tena alitega kamera njiani na uzi mwembamba, ili mnyama akiuvuta uzi awashe mwanga na ajipige picha mwenyewe. Kamera za kutega zinazotumiwa leo na watafiti wa wanyama katika hifadhi nyingi, zikiwemo za kwetu, zinatokana na wazo hilo.

Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 katika toleo moja. Inasimuliwa kwamba wajumbe wawili wa bodi walijiuzulu kwa hasira, wakiona jarida la elimu limegeuzwa kitabu cha picha. Mwaka 1904 Shiras alikuwa amekwisha kupeleka bungeni muswada wa kulinda ndege wanaohama, wazo lililofungua njia kwa sheria ya mwaka 1913. Kwa hiyo kamera yake ya mapumziko ilifika mbali. Lakini tusisahau mfuatano wa mambo: maarifa yalikuwa ya Waojibwa, pesa zilikuwa za ukoo wa jaji, na jina lililobaki ni moja.

Kioo cha mwisho

Turudi kwa Ansel Adams, aliyekuwa sasa kijana wa miaka 25 anayejiandaa kuwa mpiga piano. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda Yosemite na marafiki akiwa amebeba kamera kubwa na vioo 12. Alipofika mahali alipotaka, mbele ya ukuta wa Half Dome, alikuwa amebakiwa na vioo viwili. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano, kama ilivyokuwa desturi. Kisha akatambua kwamba picha hiyo isingeonyesha alichokihisi, kwa kuwa anga ingetoka ya kijivu chepesi. Akaweka kichujio chekundu sana. Kichujio chekundu huzuia mwanga wa bluu, kwa hiyo anga ya bluu hutoka karibu nyeusi, na mwamba husimama mbele yake kama kitu kizito. Baadaye alisema siku ile ndipo alipojifunza kuiona picha kichwani kabla ya kuipiga.

Kisa hiki kinaweza kutumiwa kuipinga hoja yangu. Msomaji atasema: Adams alibuni kwa sababu alikuwa na kioo kimoja tu, uhaba ndio uliomfikirisha, si wingi. Pingamizi hili lina uzito. Lakini Adams hakufika pale akiwa mgeni wa kamera. Nyuma yake kulikuwa na miaka 11 ya kupiga na kuharibu, iliyoanza na Brownie ya dola 1. Uhaba ulimlazimisha kuamua, nao wingi wa makosa yaliyotangulia ulimpa kitu cha kuamulia. Mwanafunzi anayeanza na kioo kimoja bila miaka hiyo hupata picha ya desturi, yaani ile ya kichujio cha manjano.

Mabega ya watu wengine

Sasa tufike kwetu. Kati ya mwaka 1903 na 1904 Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, katika nyika za Wamasai na maeneo ya karibu na Kilimanjaro, akiwa na kamera, vioo na vifaa vya flashi. Alikuwa mwindaji na mpenzi wa viumbe. Mwaka 1905 alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja vitu viwili, mwanga wa flashi na bunduki, na wasomaji wa Kiingereza nao wakakipata. Picha za simba usiku zilizomo humo ziliwashangaza watu wa Ulaya.

Kimbinu, kazi yake ilifanana na ya Shiras: kamera iliyotegwa, mwanga wa ghafla, mnyama anayejipiga mwenyewe. Ila hapa chambo kilikuwa punda na ng'ombe waliofungwa wakiwa hai ili simba waje. Vioo, dawa na mizigo mingine ilibebwa na wapagazi kwa miguu, siku baada ya siku. Kioo kilichotoka cheusi, na flashi iliyochelewa, kilikuwa kimebebwa kwa uzito uleule wa kioo kilichofaulu. Schillings alilipia vifaa. Uzito wa makosa yake ulilipwa na shingo za watu ambao wengi wao hawatajwi kwa majina. Mwaka kitabu kilipotoka ndio mwaka vita vya Maji Maji vilipoanza kusini mwa koloni hilohilo, dhidi ya utawala uliowalazimisha watu kulipa kodi na kulima pamba. Sisemi kwamba kamera ilileta vita. Nasema kwamba uhuru wa mtu mmoja kujaribu na kushindwa porini ulisimama juu ya mpangilio uleule uliowanyima wengine uhuru wa kukataa mzigo.

Ni haki kuongeza kwamba Schillings alirudi kwao akawa msemaji wa kulinda wanyama. Lakini historia yetu isiishie kwake, kwa sababu muda si mrefu baadaye kamera za filamu zilishuka bei hadi mikononi mwa wenyeji.

Nchini Uganda tunaye Musa Katuramu, mwalimu na seremala wa magharibi mwa nchi, aliyepiga picha kuanzia miaka ya 1930 pamoja na kazi zake nyingine. Alitumia filamu ya rangi nyeusi na nyeupe na mwanga wa jua, akawapiga watu wa mazingira yake nje, katika mikao waliyojipanga. Negativu zake zilihifadhiwa na familia. Mradi wa History in Progress Uganda, ulioanza mwaka 2011, ulisaidia zionekane na watu wengi, na zimechapishwa katika kitabu.

Kiganda huita picha ekifaananyi, neno lenye mzizi uleule wa kufanana katika Kiswahili. Nikizitazama picha za Katuramu nakumbuka neno hilo. Kwa Schillings, mtu wa Afrika Mashariki yupo nyuma ya kamera kama mbebaji. Kwa Katuramu yupo pande zote mbili: anapiga, na anayepigwa anajua anapigwa na amechagua namna ya kusimama. Huo nao ni ubunifu, ingawa hauhitaji unga unaolipuka. Unahitaji watu wakuamini kiasi cha kukupa dakika zao nje juani.

Makosa ya bure

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Januari 2012 kampuni hiyo, iliyojengwa juu ya mauzo ya filamu, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Kati ya matukio hayo mawili bei ya picha iliyoharibika ilikaribia sifuri. Mimi na wenzangu tunaopiga picha mwisho wa wiki hapa Kampala tunaishi katika sifuri hiyo. Naweza kuifuata boda boda kwa simu mara arobaini ili dereva atoke wazi na barabara itoke kama rangi iliyopakwa kwa brashi, au kumvizia kalooli, yule korongo mkubwa wa majalalani, hadi afungue mabawa dhidi ya jua la jioni. Thelathini na tisa nazifuta. Hakuna aliyebeba chochote kichwani.

Hata hivyo sifuri hiyo si kamili. Simu ina bei, bando lina bei, na kuanzia Julai 2018 Waganda walitozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, hadi tozo hiyo ilipobadilishwa mwaka 2021 na kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Anayejifunza kwa kuwaonyesha wengine picha zake na kukosolewa hulipia darasa hilo. Zaidi ya hapo, upande wa pili wa bei haujashuka hata kidogo. Ndege anayefukuzwa kiotani kwa sababu ya picha leo anapoteza mayai yaleyale. Muuza ndizi anayepigwa kwa mbali bila kuulizwa, kisha uso wake ukasambazwa, analipia jaribio la mtu mwingine kama mpagazi alivyolipia.

Kuna hasara nyingine inayotuhusu sisi wanafunzi wa historia. Kosa lilipokuwa ghali, lilihifadhiwa. Tunajua Adams alipiga kwanza kwa kichujio cha manjano, na tunaweza kulinganisha. Tunajua Bentley alikwangua negativu ya nakala kwa kuwa negativu zipo. Kosa la bure hufutwa kabla ya chakula cha jioni, na pamoja nalo hufutwa njia ambayo mtu alipitia hadi kufika kwenye picha aliyoipenda. Mtafiti wa mwaka 2080 akitaka kujua vijana wa Kampala, Bujumbura au Goma walijifunzaje kuona, atakuta picha zilizofaulu tu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mbinu za kupiga picha nje zilikua pale watu wa ridhaa walipoweza kumudu kukosea: Talbot kwa utajiri, Bentley kwa uvumilivu, ndugu Kearton kwa miili yao, Adams kwa Brownie ya dola 1, Shiras kwa maarifa aliyoyapata kwa Waojibwa, Schillings kwa mabega ya wapagazi. Majina haya hayako sawa, na kuyapanga katika mstari mmoja wa maendeleo ni kuficha tofauti iliyo muhimu kuliko zote. Swali la kumuuliza kila mmoja wao ni nani aliyelipa alipokosea.

Kutokana na hayo nina mapendekezo mawili kwa wasomaji wa mkusanyiko huu. Kwa wanafunzi wenzangu wanaopenda kamera: wekeni daftari dogo la majaribio, muandike mlichotaka, mlichofanya na kilichotoka, na mhifadhi walau picha chache zilizoharibika pamoja na ile nzuri. Na kabla ya kumwelekezea kamera mtu au kiota, ulizeni gharama itaangukia wapi. Kwa wahadhiri wetu: historia ya picha katika nchi zetu bado imelala katika masanduku ya bati chini ya vitanda, kwa wajane, wajukuu na walimu wastaafu. Negativu za Katuramu zilionekana kwa kuwa familia haikuzitupa na kwa kuwa kuna watu waliokwenda kuziomba. Kazi ya darasa ya muhula mmoja ingeweza kumtuma kila mwanafunzi nyumbani kwao kuuliza swali moja: ni nani katika ukoo huu aliyekuwa na kamera, na picha zake ziko wapi?